Bukusu Nne

Kisa hiki ni cha kutunga, ila mtu wa Kimilili hatakiona kigeni. Mzee mmoja alifariki akaacha katoni ya kaseti. Alikuwa akizunguka na redio yake kwenye tohara, harusi na matanga, akirekodi. Wanawe wakazipeleka kwa kijana mwenye kibanda cha kuuza nyimbo pale sokoni, azihamishie kwenye kompyuta. Kijana alikuwa fundi kweli: alipunguza mvumo hadi nyuzi za litungu, kinubi cha Wabukusu, zikasikika moja moja. Kisha akaziita faili zake Bukusu Moja, Bukusu Mbili, akaendelea hivyo hivyo. Makasha yaliyovunjika akayatupa pamoja na vikaratasi vya ndani, ambamo mzee alikuwa ameandika kwa penseli.

Siku ya siku, dijei wa harusi akaomba kitu cha asili chenye mshindo. Akauziwa Bukusu Nne. Bibi harusi anaingia, spika zinanguruma, wazee wakainuka vitini: ilikuwa sioyayo, wimbo wa alfajiri wa kumtoa kijana mtoni, amepakwa matope, anakwenda kukabili kisu. Muziki ukazimwa.

Aibu hiyo ilipita kwa soda na msamaha. Kilichouma ni mama mmoja aliyedhani ameisikia sauti ya marehemu babake. Ilirekodiwa boma gani, mwaka gani? Wabukusu hutahiri miaka inayogawanyika kwa mbili, hasa Agosti, kwa hiyo tarakimu nne tu za penseli zingetaja msimu, na msimu ungetaja rika. Zilikuwa zimekwenda na takataka.

Tofauti na hapo, mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliporekodi Wakipsigis wa Kenya mwaka 1950, aliandika majina ya waimbaji, mahali na ala. Rekodi zake zilihifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 baada ya kurekodiwa, Diane Thram wa maktaba hiyo na Tabu Osusa wa shirika la Ketebul Music la Kenya waliweza kurudisha nakala Kenya, wakiwatafuta waimbaji na jamaa zao. Bila majina wangeanzia wapi?

Karatasi hupotea, kwa hiyo mimi ningetamka kwenye kinasa sauti chenyewe kabla wimbo haujaanza: nani anaimba, wapi, tarehe, shughuli gani. Na kama wenyewe hawataki upigwe nje ya msimu wake, hilo litamkwe kwanza, kisha liandikwe kwenye jina la faili.