Anayenukuliwa Sana na Anayesema Kweli

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii hunitia mashaka kila ninaposoma historia ya kwetu. Mimi ni mtu wa Mbau, wilaya ya Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado. Swali langu ni hili: mwanahistoria anayenukuliwa na wengi, je, ndiye anayestahili kuaminiwa zaidi?

Siku hizi hesabu ya kunukuliwa ina nguvu kubwa. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo kinachoitwa h: mtaalamu mwenye makala 20, kila moja imenukuliwa angalau mara 20, hupata h ya 20. Vyuo vikuu vingi hukitazama vinapoajiri au kupandisha watu vyeo. Sikidharau. Bila hesabu kama hiyo, kijana asiye na mjomba ofisini angeonyesha nini? Tena kumnukuu mwenzako ni adabu. Ni kukiri kwamba maji haya umeyachota kisimani kwake.

Lakini tutazame kisa cha Mueda, magharibi ya kwetu. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika mbele ya ofisi ya utawala wa Kireno kusikiliza majibu ya madai yao. Faustino Vanombe na Kibiriti Diwane, Wamakonde waliotoka Tanganyika kuwasilisha madai hayo, walikamatwa. Ghasia zikazuka, askari wakafyatua risasi. Mwaka 1969 kitabu cha Eduardo Mondlane, The Struggle for Mozambique, kilichapisha ushuhuda wa Alberto Chipande, aliyesema alikuwapo: waliouawa walikuwa kama 600. Idadi hiyo ikaingia katika vitabu, hotuba na masomo ya shule.

Mwaka 1999 Michel Cahen, mwanahistoria Mfaransa aliyeitafiti kwa miaka mingi dola ya Kireno na nchi zilizotokana nayo, alichapisha makala iliyotilia shaka hesabu hiyo. Kwa kutumia majalada ya wakoloni, aliona waliokufa walikuwa wachache zaidi. Hata hivyo, 600 inaendelea kuandikwa hadi leo.

Wanazuoni wa hadithi walilijua tatizo hili zamani. Wao husema hadithi iliyopokewa na watu wengi katika kila tabaka ina yakini, kwa kuwa haiwezekani wote hao wamekula njama kusema uongo. Kwa hiyo wingi una uzito wake. Lakini wingi huo ni wa watu waliopokea kwa njia mbalimbali. Vitabu mia vinavyonukuu kitabu kimoja si mashahidi mia. Ni shahidi mmoja na mwangwi wake.

Je, basi majalada ndiyo kweli? Hapana. Jalada la mkoloni nalo ni mpokezi, tena mpokezi mwenye kesi: aliyefyatua risasi ana sababu ya kuhesabu maiti wachache. Naye aulizwe: ulikuwapo? Unafaidika nini? Wapo wanaoogopa kwamba kupunguza idadi ni kupunguza dhuluma. Mimi sidhani. Kuwapiga risasi watu waliokuja kudai haki ni dhuluma, wawe kumi au mia sita, na dhuluma haihitaji kutiwa chumvi. Kwa hiyo ninamheshimu mwanahistoria anayeiacha njia wazi, ili msomaji aweze kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa yule aliyeona kwa macho yake.

Jambo hili kwangu si la vitabuni tu. Vita vilianza wilayani kwetu Oktoba 2017. Watu wa Mbau walitawanyika, na majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliingia huko Agosti 2021. Sasa makala kuhusu Cabo Delgado ni nyingi, na baadhi ya nilizosoma zinanukuu makala nyingine, ambazo nazo zinanukuu nyingine.

Nilimuuliza bibi yangu walikufa wangapi mtaani kwetu. Hakunipa idadi. Alianza kutaja majina, mmoja mmoja, na mahali alipofia kila mmoja. Alipofika kwa baadhi yao alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Huyu nimeambiwa, mjukuu wangu. Sikumwona."

Kwa kipimo cha Hirsch bibi ana sifuri. Lakini alitenganisha alichokiona na alichokisikia bila kuulizwa, jambo ambalo wasomi wengi hawalifanyi. Nikijaliwa kuandika historia ya Mbau, nitamtaja kama chanzo changu, kwa jina lake, akiniruhusu. Maana kutajwa wakati wa vita kuna hatari. Asiponiruhusu, nitaandika kwamba yupo aliyeona, na kwamba kuna mengine aliambiwa tu.