Deni Lisiloandikwa Daftarini

Mwaka 1950 reli ya kutoka Kaliua ilifika Mpanda, mwendo wa kilometa 210, kwa sababu ya madini ya risasi yaliyochimbwa na kampuni ya Uruwira. Mwaka 1960 mgodi ukafungwa. Je, msimamizi wa mgodi ajuaye kwamba mwisho wakaribia, ana deni kwa nani?

Mwenye hisa anayo hati mkononi, huyo hasahauliki. Mchimbaji naye anao mkataba, ijapokuwa mfupi. Lakini mfikirini mama wa kijiji cha jirani, aliyepanua shamba lake la mihogo ili wachimbaji wapate chakula. Hamo katika daftari lo lote. Wengine watasema: hakuajiriwa, basi hadai kitu. Sisi hatukubali. Kampuni yaishi kwa jasho lake kila siku, nayo yajua hivyo.

Hatusemi alipwe fedha. Mgodi usio na faida hauna cha kugawa. Twasema aambiwe kweli mapema, kabla hajapanda, maana muhogo hukaa ardhini mwaka mzima, pengine zaidi. Mwenye hisa huarifiwa kwa barua. Mama huyu aweza kuarifiwa barazani, kwa lugha aijuayo, bila gharama hata ya senti moja. Wenye machimbo ya dhahabu mkoani Katavi leo wanao majirani wa namna hiyo hiyo.