Mtangazaji Aliyeona Karata Zote

Msishangae shemasi akizungumza juu ya karata. Kuzicheza kwa feza sikubali, wala simfundishi mtu. Lakini vijana wetu wanatazama poka kwenye televisheni, na siku moja nilikaa nao, nikasikia neno lililonisumbua.

Walikuwa wakitazama mashindano makubwa ya Las Vegas, Marekani, ya mwaka wa 2003. Watu 839 waliingia, na kiingilio kilikuwa dola 10.000. Mwishoni walibaki wawili: Chris Moneymaker, mhasibu, na Sammy Farha, ambaye poka ndiyo kazi yake. Katika mgao mmoja Farha alikuwa na tisa mbili. Moneymaker hakuwa na kitu ila mfalme mmoja. Karata alizozingojea hazikutoka. Hata hivyo akasukuma jetoni zake zote katikati ya meza. Farha alifikiri sana, kisha akatupa karata zake. Mtangazaji akamsifu Moneymaker, kwamba huo ndio udanganyifu wa karne. Vijana wakacheka: "Farha mjinga!"

Je, alikuwa mjinga? Kamera ndogo za mezani zinatuonyesha karata ambazo wachezaji wanafichana. Sisi tuliziona za wote wawili. Farha aliziona zake tu, pamoja na tano zilizofunuliwa mezani, na kati ya hizo tatu zilikuwa piki. Mtu yeyote mwenye piki mbili mkononi angemshinda. Tena vipindi vile vilikatwa na kuunganishwa baada ya mashindano kwisha, na mshindi alikwisha kujulikana. Moneymaker alipata dola 2.500.000, basi kila alichofanya kikaonekana ushujaa. Kama Farha angekubali kulipa, Moneymaker angeitwa mwenda wazimu, kwa karata zilezile!

Mtu atasema: mtangazaji hakusema uongo, karata zilikuwa hivyo. Ni kweli. Lakini upendeleo hauhitaji uongo. Unatosha kusahau kwamba anayehukumiwa hakuona unachokiona wewe. Sisemi Farha alichagua vema. Pengine alikosea kweli. Nasema kwamba kosa lake litafutwe katika yale aliyoyajua saa ile, si katika yale ambayo kamera ilituonyesha sisi tuliokaa kwenye viti.

Neno la vijana lilinirudisha kwenye kilio kimoja, miaka mingi iliyopita. Mama mmoja alimpa mtoto wake dawa ya malaria kwa siku mbili kabla ya kumpeleka hospitali. Haikuwa malaria. Mimi nilikuwa kati ya wale waliosema pale mkekani, "Angemkimbiza siku ya kwanza." Sisi tulikuwa tumekwisha kuambiwa jina la ugonjwa. Yeye, siku ile ya kwanza, aliona homa tu, kama homa nyingine nyingi alizokwisha kuziponya nyumbani kwa dawa ileile. Alinisikia, wala hakujibu kitu.