Mashine na ndugu kambini

Je, ni kosa kupeleka kompyuta kambini?

Tulikuwa na vijana kando ya Ziwa Kivu, siku tatu chini ya mahema. Tulibeba kompyuta ndogo, ile ambayo kioo chake kinageuka mpaka nyuma, ukaishika kama kitabu. Tulitaka kuandika ripoti ya kambi. Mchana jua lilishinda mwangaza wa kioo, hatukuona kitu. Jioni tukaandika. Kijana mmoja akaja, akasema, "Baba shemasi, niko na neno." Tukamjibu, "Ngoja, betri inaisha." Ilipokwisha, naye alikuwa amekwenda.

Ndani ya betri nyingi za namna hii mna kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, hasa upande wa Kolwezi. Basi mna jasho la ndugu zetu. Je, tulitumie jasho hilo kumfukuza ndugu aliyesimama mbele yetu?

Kosa si la mashine. Kioo kiligeuka, shingo yetu haikugeuka. Betri hujazwa tena, lakini neno la yule kijana hatujalisikia mpaka leo. Tukienda tena, mtu akija, tuifunge kwanza.