JAWABU KWA NDUGU WA KALINZI: CHAKULA NA HIFADHI YA MWENYE HOMA YA INI

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikilie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake, na Sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zangu Waislamu wa mwambao, na nyinyi wa Ujiji na pwani ya Ziwa Tanganyika, yametufikia masuala kutoka Kalinzi, nchi ya milima iliyo kaskazini ya mji wa Kigoma, penye mashamba ya kahawa na migomba. Muulizaji asema: Yuko ndugu yetu aliyepimwa damu akaambiwa ana homa ya ini aina ya B. Tangu siku hiyo ametengewa sahani na kikombe, hula peke yake barazani, na watu wanong'ona kwamba ameyapata kwa zinaa. Mwenyewe ameacha samaki na mafuta, anywa mizizi ya mganga, na mwili wazidi kukonda. Je, haya ndiyo yatupasayo? Naye ale nini?

Jawabu: La, siyo. Mmeogopa sahani isiyo na khatari, na zile khatari zenyewe mmeziacha ndani ya nyumba.

Kwanza ni ile dhana mbaya. Maradhi haya huletwa na kirusi kikaacho katika damu. Mtoto mchanga akiambukizwa na mamake wakati wa kuzaliwa, katika watoto 10 hadi 9 hubaki nayo maisha yao. Lakini mtu mzima akiambukizwa, walio wengi hupona. Kwa hiyo wengi wenye maradhi haya katika bara letu waliyapata utotoni, kabla hawajajua kheri wala shari. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 254 waishio nayo. Ni kweli kwamba hupita pia kwa kuingiliana mume na mke. Lakini sharia yetu yataka mashahidi wanne kwa neno la zinaa, nanyi mmemhukumu mwenzenu kwa karatasi ya hospitali! Anayenong'ona hayo na atubu, kisha aende akamtake radhi.

Pili ni sahani. Maradhi haya hayapiti katika sinia, wala katika kikombe, wala kwa kupeana mikono, wala kwa kusali bega kwa bega. Basi mrudisheni siniani leo kabla ya kesho. Njia yake ni damu na maji ya mwili. Lililo wajibu kulitenga ni wembe, na mswaki, na kikata kucha, na sindano, na kila chombo kigusacho damu. Kisu cha ngariba, na wembe wa kinyozi, na wa kuumika, na wa kuchanja chale, visipite kutoka mtu hata mtu. Kwani kirusi hiki chaweza kuishi nje ya mwili siku 7, hata damu ikiwa imekauka. Akijikata, afunge jeraha lake, na damu iliyomwagika ifutwe kwa dawa ya klorini.

Tatu, watu wa nyumbani mwake. Mkewe na wanawe na wapimwe damu. Asiyekuwa nayo apigwe chanjo, nayo kwa mtu mzima ni sindano 3 kwa desturi. Na mpaka zimalizike, mume na mke watumie mpira. Mama mwenye maradhi haya awaambie wakunga mapema, ili mtoto apate chanjo katika saa 24 za mwanzo wa uhai wake. Wala asizuiwe kumnyonyesha mwanawe.

Nne ni chakula, nalo ndilo swali lenyewe. Mwenye homa ya ini hana chakula chake peke yake mbali na watu. Ale wale jamaa zake: ndizi, maharage, mboga za majani, matunda, na samaki na dagaa wa ziwa. Kumnyima samaki na maharage ni kumdhoofisha, kwani mwili hujengwa kwa hivyo. Mawese si haramu kwake, bali yawe kwa kiasi, na sukari vilevile. Kwani unene ukizidi, mafuta huingia katika ini likazidi kuumia. Aliyejaa maji tumboni au kuvimba miguu apunguze chumvi, na ng'onda aiache. Kahawa yenu ya Kalinzi na ainywe. Matabibu wameona kwamba ini la mnywaji kahawa hupata makovu machache. Lakini asiigeuze sharubati kwa sukari, wala asidhani ni dawa ya kuponya.

Viko viwili vya kukimbia. Cha kwanza ni pombe, ya ndizi au ya chupa. Mola ameiharamisha kwetu sote; kwa mgonjwa huyu ni haramu juu ya sumu. Cha pili wengi hawakijui: karanga na mahindi yaliyoota ukungu. Humo mna sumu iitwayo aflatoksini, nayo ikikutana na kirusi hiki, khatari ya saratani ya ini huongezeka mara nyingi. Kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 huko Kenya watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hii, na 125 wakafa. Na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Basi anikeni juu ya jamvi wala si juu ya udongo, wekeni ghala pakavu penye hewa, na karanga iliyokunjana au kugeuka rangi itupeni. Kuuza iliyooza ni khiana kwa mlaji usiyemwona.

Tano ni dawa. Ile mizizi na aiache, kwani dawa isiyojulikana kipimo chake hupita katika ini, nalo lina jeraha. Hata vidonge vya maumivu asizidishe. Aende hospitali kila miezi 6 ini lake litazamwe. Si kila mwenye kirusi hiki huhitaji dawa. Lakini akipewa vidonge, kama tenofovia, ameze kila siku, wala asikatize kwa nafsi yake, maana maradhi yaweza kurudi kwa nguvu. Na Ramadhani ikifika, amwulize tabibu. Akikatazwa kufunga asione haya, kwani aliyefaradhisha saumu ndiye aliyempa mgonjwa rukhsa.

Huenda mtu akasema: Haya yote ni kukosa tawakkul. Tumwambie kwamba Sayyidna Umar, radhi za Mungu zimshukie, aliposikia tauni imeingia Shamu alirudi njiani na watu wake, naye imani yake hapana aitiliaye shaka. Kujilinda ni katika kadari, na ini ni amana kama ilivyo amana mali ya yatima.

Basi ewe ndugu wa Kalinzi, rudi nyumbani ukaivunje ile desturi ya sahani mbili. Nawa, kaa, utie mkono wako penye sinia pamoja na mkono wake, na watoto wako wakuone.

Mola awaponye wagonjwa wetu, na atutakase nyoyo kwa dhana mbaya. Amin. Wallahu aalam.