Kumshangilia Mgeni

Siku ya Machi 16, 2019, katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, uwanja ambao mwaka uliofuata ulipewa jina la Rais Benjamin Mkapa, Simba iliishinda AS Vita ya Kinshasa mabao 2 kwa 1, ikaingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Siku 8 baadaye, katika uwanja ule ule, Timu ya Taifa iliifunga Uganda mabao 3 kwa 0 na kupata nafasi ya kwenda kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika, nafasi ambayo nchi yetu ilikuwa haijaipata tangu mashindano ya Lagos ya mwaka 1980. Siku hii ya pili wazee waliliona jambo ambalo vijana wengi walikuwa wakilisikia tu katika masimulizi. Siku ile ya kwanza walikuwapo Watanzania waliowaombea Wakongo washinde.

Nasi tulikuwa miongoni mwao. Hatuoni faida ya kuandika juu ya jambo hili kana kwamba tunawazungumzia watu wengine. Mwezi Januari zilipofika habari za mabao 5 waliyofungwa Simba huko Kinshasa, tulitabasamu. Na mwezi Februari walipofungwa tena 5 na Al Ahly huko Misri, tulicheka waziwazi. Meddie Kagere alipoifunga Al Ahly bao pekee hapa nyumbani, Februari 12, tulizima redio. Swali letu basi ni hili: je, mtu anayefurahia mwenzake kushindwa na mgeni ametenda kosa?

Jibu la haraka la mtaani ni kwamba huo ni utani wa jadi. Hapana budi tulipime neno hilo, maana limekuwa kama mwavuli wa kila mtu. Katika desturi zetu mtani hutukana, huchukua kuku bila ruhusa, hata huigiza marehemu mbele ya wafiwa. Lakini mtani huyo huyo ndiye hushika jembe kaburini, na ndiye mwenye haki ya kusema neno ambalo ndugu wa damu hawathubutu kulisema. Yaani dhihaka yake ni upande mmoja wa deni; upande wa pili ni utumishi siku ya shida. Hatujapata kusikia mtani aliyekwenda kumpokea adui wa mtani wake njiani, akamvika nguo na kumwonyesha mlango wa nyuma. Klabu hizi mbili, ya mwaka 1935 na ya mwaka 1936, zimetoka katika nyumba moja iliyogawanyika, na hivyo zastahili sana jina la utani. Bali utani wetu wa siku hizi umebaki na kuku tu, jembe limesahauliwa.

Hata hivyo, hatukubaliani na wale wanaosema kwamba kila Mtanzania alipaswa kuishangilia Simba. Klabu si taifa. Kagere ni Mnyarwanda, na bao lililoiondoa AS Vita lilifungwa na Clatous Chama, Mzambia. Wala hakuna ubaya katika hilo. Furaha ikiamriwa, haiwi furaha tena. Mtu ana haki ya kukaa kimya, ana haki ya kwenda kulala. Tofauti tunayoiona ni kati ya moyo kutofurahi na mikono kumpigia mgeni makofi, kwa kuwa moyo hatuutawali sana, bali mikono ni yetu.

Itazameni tena ile Machi 24. Bao la kwanza lilifungwa na Simon Msuva, aliyekulia Yanga. La pili, la penalti, na Erasto Nyoni wa Simba. La tatu na Aggrey Morris wa Azam. Uganda ilikuwa haijafungwa hata bao moja katika michezo 5 iliyotangulia. Tulipokuwa tukimshangilia Nyoni, tuliwezaje kusahau kwamba juma moja tu kabla ya hapo tuliiombea klabu yake iaibike? Tulisahau kwa urahisi mno, na urahisi huo ndio unaotusumbua.

Wako watakaosema kwamba heri ya Simba ilikuwa heri ya wote. Ni kweli: mafanikio yale yaliiongezea nchi nafasi, na msimu uliofuata Yanga, iliyomaliza ya pili katika ligi, ikaingia Ligi ya Mabingwa pamoja na Simba. Lakini hoja hii ni ya mfanyabiashara. Ikiwa tunamtakia jirani mema kwa sababu tutapata fungu, basi siku lisipokuwapo fungu tutarudi kwenye kicheko chetu.

Mwezi Agosti, Yanga ilisonga mbele kwa kuitoa Township Rollers ya Botswana. Simba, iliyokuwa imefika robo fainali miezi michache tu iliyopita, ilitolewa katika hatua ya awali na UD Songo ya Msumbiji, baada ya sare ya bao 1 kwa 1 hapa hapa Dar es Salaam. Vifijo vilisikika kutoka nyumba ya pili. Tulikuwa tumeshika kikombe cha kahawa. Tuliendelea kunywa, na jirani alipotuita dirishani tushangilie naye, hatukuitika.