Je, Kusoma Kumekufa?



Yako maneno ambayo siku hizi hayakosi kusikiwa mabarazani mwetu baada ya sala ya Alasiri: kwamba watu hawasomi tena, kwamba vitabu vimebaki kuwa mapambo ya kabati, na kwamba simu za mkononi zimekula wakati wa wakubwa na wadogo. Kisha humalizwa kwa kusema: hapana kheri ya kutarajiwa. Mwanzo wa maneno haya una ukweli, wala hatuukanushi. Tunaloliuliza ni mwisho wake: je, yamfalia mtu mwenye akili kuuona upungufu wa zama zake, kisha akakata tamaa akakaa?

Na tujue kwanza kwamba si sisi wa kwanza kufikiwa na chombo kipya. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, zamani ulisifika kwa mabingwa wa kunakili Misahafu kwa mkono na kuipamba kwa rangi. Ilikuwa kazi ya uzuri mwingi, lakini yataka siku nyingi, na si kila nyumba iliyoweza kuwa na Msahafu wa namna hiyo. Ulipoenea Msahafu wa chapa, kazi ya mabingwa wale ilififia. Hiyo ni hasara, na mwenye kuisikitikia halaumiwi. Lakini leo ni nadra kuiona nyumba ya Muislamu mjini mwetu isiyokuwa na Msahafu. Hasara na faida ziliingia kwa mlango mmoja.

Tutizame tena hapa Mombasa. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianza katika mwaka 1930 kwa karatasi ndogo aliyoiita Sahifa, na katika 1932 akatoa gazeti la Al-Islah. Lau angehesabu wasomaji wake kabla ya kushika kalamu, huenda asingeandika hata mstari mmoja. Aliandika, na maneno ya Sahifa yakakusanywa katika kitabu cha Uwongozi, kilichotoka 1944. Yeye alifariki 1947. Maneno yake yangali yakisomwa.

Hapa ndipo lilipo jambo tunalotaka kulieleza. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, yaani 1111, alitofautisha baina ya kutaraji na kujidanganya kwa mfano wa mkulima. Aliyechagua ardhi njema, akapanda mbegu njema, akainywesha na kuing'olea magugu, kisha akangojea fadhila ya Mola wake, huyo ndiye mwenye kutaraji. Ama aliyetupa mbegu katika ardhi ngumu ya chumvi, asiishughulikie, kisha akangojea mavuno, huyo amejidanganya.

Sisi twaongeza mtu wa tatu: mwenye ardhi na mbegu, asiyepanda kwa kuwa mvua ya mwaka jana ilikuwa chache. Huyu hujiona ana hekima kuliko yule wa chumvini. Lakini wakati wa mavuno ukifika, ghala zao ni sawasawa. Mwenye kujidanganya na mwenye kukata tamaa wanakutana mahali pamoja: wote wawili hawakulima.

Basi na tuwatafute watu hawa majumbani mwetu. Yuko mzazi asemaye: "Elimu yote sasa imo ndani ya simu, mtoto atajisomea mwenyewe." Na yuko asemaye: "Simu imekwisha kumharibu, hapana la kufanya." Kauli zao zapingana, na vitendo vyao ni kimoja: hapana hata mmoja aliyekaa na mwanawe akasoma naye ukurasa mmoja. Tena mara nyingi mtoto humtizama baba yake alalamikaye, naye baba ana simu mkononi mpaka usiku wa manane.

Chombo hiki chaweza kubeba juzuu za tafsiri ambazo zamani zilijaza kabati zima. Lakini chombo hakimsomei mtu. Wanazuoni wetu wa kale walikuwa na hadhari hata na mtu aliyechukua elimu yake katika kurasa peke yake bila ya mwalimu. Itakuwaje basi fatwa iliyokuja kwa simu, isiyojulikana aliyeiandika, ikapelekwa kwa watu mia na mtu ambaye hakuisoma mpaka mwisho? Lawama hapo si ya simu. Ni ya kidole kilichoipeleka.

Dawa yake si kubwa, na kwa udogo wake ndiyo maana hudharauliwa. Baina ya Magharibi na Isha, kila nyumba isome ukurasa mmoja kwa sauti, uwe wa karatasi au wa kioo. Mkubwa asome, mdogo aulize, na lisilojulikana apelekewe mwalimu. Wala habari isipitishwe kwa mwingine mpaka isomwe yote na ajulikane msemaji wake. Nyumba itakayodumu hivi mwaka mmoja itakuwa imepita kurasa zaidi ya mia tatu.

Kutaraji si kusema kwamba mambo yatakuwa mema. Ni kupanda, na mavuno kumwachia Mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.